Doa la Zambarau Nyuma ya Majani

Jana asubuhi kamati ya msiba ya Johannesburg ilinitumia ujumbe. Wanaomba picha nzuri ya Trésor, ya kuweka juu ya jeneza. Trésor amekufa, moyo, wanasema. Aliyeniandikia ni kijana nisiyemjua, katibu wa kamati. "Dada Zuhura," aliandika, "banasema weye njo ulikuwaka naye kazini. Tuko nyumbani kwake na bamama ba kanisa. Mama Aksanti njo anatupikia." Niliusoma nikiwa dukani kwangu hapa Ujiji, studio yenye kiti kimoja cha mteja na feni iliyokataa kuzunguka, na kitu cha kwanza nilichokisikia si huzuni. Kilikuwa kichefuchefu, kile kile cha zamani, kinachoanzia tumboni na kuja kukaa kooni kama mwiba wa dagaa. Nilifanya kazi na Trésor miezi michache tu, mwaka 2016, na mpaka leo kuna kitu siwafanyii wateja. Wakija wakaniambia, "Dada, nitie ule ukungu nyuma, kama wa simu," nawaelekeza kwa jirani. Wananiona mkorofi, na hawajakosea. Lakini nilimwona bwana mmoja akiutumia ukungu huo, na niliona ulichofunika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa nimepanga godoro. Sikupanga chumba, nilipanga godoro, Doornfontein, mjini Johannesburg, ghorofa ya tatu, kwa Mama Aksanti wa Bukavu. Fleti yake aliigawa kwa mapazia: upande wa dirisha alilala mwenyewe, katikati walilala dada wawili wa Kirundi waliouza nguo za mtumba, na mimi nililala kwenye kona iliyopakana na jiko, ambako mafuta ya mawese yaliyorukia ukutani yalikuwa yamekauka yakawa kama vipele. Godoro langu lilikuwa la mwanaye, Aksanti, aliyeondoka kabla sijafika. Juu yake ukutani palikuwa na picha ya kijana huyo, picha ya pasipoti iliyokuzwa kupita kiasi mpaka pua ikawa ngazi za vijisanduku. Mama alimwambia kila mtu kwamba mwanaye yuko Durban, analinda ghala. Alilisema bila kuulizwa, akimsuka mteja pale kando ya barabara, akipima mchele, akikunja shuka. Na nyuma ya pazia la katikati nilikuwa nawasikia wale dada wakinong'ona. "Durban ipi?" alisema mkubwa. "Yule anavuta nyaope. Siku ile mama alimkuta anachoma ule unga humu humu ndani, akamwambia atoke." Mdogo akauliza kama mama anajua alipo. "Angejua, angekaa na sisi hapa?" Kisha walizima taa, na mimi nikalala pale alipokuwa analala yeye.

Kila saa sita mchana Mama Aksanti aliacha kusuka, akapanda kupika: kisamvu wanachokiita sombe, kilichotwangwa vizuri, dagaa wanaowaita ndakala, waliokaangwa mpaka wakalia menoni, na bugali mweupe wa unga wa pale pale Joburg, ambao kila siku aliulaumu kwamba hauna ladha. Harufu ilipofika kwenye ngazi, Trésor naye alifika. Studio yake ilikuwa mtaa wa pili, nyuma ya karakana ya mshonaji, na mimi nilikuwa mpiga picha wake wa pili na mhariri wa picha zote. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mwenye viatu vya ncha vinavyong'aa, na alinawa mikono kwenye sinki la jikoni akilirushia matone godoro langu. Akakalia kiti pekee. Alimjua Mama tangu Bukavu; ile picha ya pasipoti ukutani aliipiga yeye. "Mama, hii sombe yako, mutu anaweza kulia," alikuwa akisema, na Mama alimwongezea samaki hata kabla hajamaliza wa kwanza, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwao, na kwa kuwa mkono uliozoea kumwongezea mwanaume mmoja chakula hutafuta mwingine. Trésor alikula kwa vidole vyote vitano. Alilamba kiganja. Wakati ule nilikuwa nikiona ni raha yake ya chakula.

Akiwa ameshiba, alifundisha. "Zuhura, unaniangalia? Picha apana kuonyesha. Picha ni kuficha bizuri." Alikuwa na lenzi moja nzito aliyoifuta kwa shati lake la Jumapili, na siri yake yote ilikuwa humo. Jicho la lenzi ukilibana liwe dogo, kila kitu kinaonekana sawasawa, karibu na mbali: jani, mti, pipa la taka, ukuta ulioandikwa matusi. Ukilifungua mpaka mwisho, kinabaki wazi kitu kimoja tu ulichokilenga, na vyote vya nyuma yake vinayeyuka kama siagi kwenye mkate wa moto. Yeye aliita flou. Joburg yote, kwa maoni yake, ilihitaji flou. Na flou ilipendeza zaidi kwenye yale majira ambayo kwetu hatuna hata neno lake la mkato, maana sisi tuna masika na kiangazi na vuli na kipupwe, lakini hatuna majira ya miti yote kugeuka rangi kwa pamoja kisha kujivua. Trésor aliyaita automne, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mpenzi. Alikuwa na mpango: kupiga mandhari ya majani hayo, kuyachapisha kwenye plastiki kubwa ya kujaza ukuta wa studio, na kuwasimamisha wateja mbele yake. Huko nyumbani watadhani mtoto wao ameshafika Ubelgiji.

Tulikwenda mwishoni mwa Aprili, asubuhi, kwenye bustani moja ya umma upande wa kaskazini wa mji, kwa watu wenye mbwa wanaooshwa mara nyingi kuliko watoto wetu. Miti ilikuwa imeshika rangi ya machungwa na kutu, na chini majani yalilia tulipokanyaga. Sitakataa, palikuwa pazuri. Lakini ukivuta hewa vizuri uliipata ile harufu ya pili, ya mkojo, moshi na blanketi lililolala nje, kwa sababu ng'ambo ya nyasi, chini ya mti, walikuwapo wanaume waliolala pale, wale wa kuokota plastiki kwa mikokoteni. Mmoja alikuwa amejifunika kitenge cha zambarau chenye miduara ya manjano. Nilitaka tuhamie upande mwingine. Trésor akaitazama ile zambarau muda mrefu. "Apana," alisema. "Simamisha kamera hapa. Funga lenzi kabisa, lenga kule kwao, piga moja, nione kila kitu iko fasi gani." Kisha akavuka nyasi akaenda kwao. Nilimwona kwa mbali akichuchumaa mbele ya yule mwenye kitenge, akaongea naye, akakivuta kile kitenge kikapanda juu ya bega. Nilibonyeza. Aliporudi alikuwa anasugua mikono. "Rangi imekaa," akasema. Nilimwuliza amewaambia nini. "Nimebaambia bakae vile vile." Halafu akashika kamera mwenyewe, akafungua lenzi mpaka mwisho na kulenga jani moja lililoning'inia kwenye ncha ya tawi. Jani likabaki na kila mshipa wake. Nyuma yake miti, nyasi, mikokoteni na wale watu wakawa rangi tu, na katikati ya machungwa yale likatulia doa la zambarau na manjano. Jioni aliniagiza nifute zile za majaribio. Nilikuwa na tabia ya kutofuta kitu, mpaka leo ninayo.

Plastiki ilichapishwa, ikatundikwa, na nikawa naamka kila siku kwenda kuitazama. Watu walipanga foleni mpaka kwenye cherehani za mshonaji. Walikuja na makoti mazito ya kuazimana, wakavaliana mlangoni, jasho likiwatiririka, wakasimama mbele ya yale majani wakikunja mikono kana kwamba baridi inawauma. Studio ilinuka mafuta ya nywele na makwapa ya makoti ya watu wengine. Niliichukia ile biashara, lakini kwa chuki ndogo tu, ile ya kazi. Mchana tulipanda kwa Mama Aksanti, Trésor akala, akamsimulia jinsi ukuta wake unavyosifiwa. Siku moja Mama alimwambia kwamba baridi inaanza na kwamba anawaza kama kule Durban wanawapa walinzi makoti. Trésor alikuwa amekata tonge. Alilichovya, akalitia mdomoni, akatafuna. "Durban haina baridi, Mama," alisema. "Usisumbuke." Ilikuwa Jumatano, nakumbuka, kwa kuwa Jumatano ndiyo siku ambayo Mama alitia karanga kwenye sombe, na Trésor aliomba aongezewe.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Siku ya Mama, sikukuu ambayo kanisani kwao ilizidi Krismasi. Akina mama wa kwaya wote walikuja studio moja kwa moja kutoka ibadani, wamevaa sare yao ya mwaka ule, na niliitambua ile rangi kabla sijajua nimeitambulia wapi: zambarau yenye miduara ya manjano. Wote isipokuwa Mama Aksanti. Yeye alivaa kijani cha kuazima na akajibana pembeni, akirudia kuwaeleza wenzake kwamba chake kiliibwa kwenye kamba. Niliwapanga mbele ya lile bango, nikapiga, na kiongozi wao, mwanamke mnene mwenye utani, akaja kuchungulia nyuma ya kamera. Alicheka. "Sasa bamama, sisi tuko hapa mbele. Huyu wa nyuma mwenye kikwembe yetu ni nani?" Wakageuka wote wakicheka. Ni kweli: kati ya kichwa cha mmoja na bega la mwingine lilikuwapo lile doa, limekuzwa likawa karibu kimo cha mtu, rangi zile zile, kama mwanakwaya aliyechelewa. Trésor alikuwa ameficha uso, ameficha miguu, ameficha blanketi na mkokoteni. Hakujua kwamba wanawake walioishi na kitambaa miezi yote ile, waliochagua, wakakatiwa, wakafua, hawahitaji kuona ua wala mshono. Rangi mbili zikikaa pamoja zinawatosha.

Mama Aksanti hakucheka. Alipita katikati ya wenzake, akaweka kiganja kwenye plastiki. "Ni maua, Mama," Trésor akasema kutoka mlangoni. "Maua ya bazungu." Mama akaendelea kushika. "Maua iko na bega?" aliuliza, bila kugeuka. Kisha akasema, kama anayejisemea, kwamba mtoto wake tangu utoto alikuwa akijifunika upande mmoja hivi, akipata homa. Nilikwenda kwenye kompyuta, nikaitafuta ile picha ya majaribio, ile ya lenzi iliyofungwa, ambamo kila kitu kilionekana sawasawa, nikaikuza. Sikuwa nimewahi kumwona Aksanti isipokuwa ile pua ya vijisanduku. Hapa alikuwa na ndevu chache, midomo iliyopasuka na macho yake mwenyewe. Na mbele yake, amechuchumaa, uso umegeuka upande wetu, mkono wake ukiwa kwenye kile kitenge, alikuwapo Trésor, wazi mpaka vifungo vya shati.

"Trésor, ulimuona," Mama akasema. Hakupaza sauti. Trésor alijisafisha koo. Alisema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile kama kitu kilichooza mfukoni. "Mama, weye njo unasemaka iko Durban. Mi ningesema nini? Nilikuwa nakuchunga usipate haya." Kiongozi wa kwaya akafunika mdomo. Mimi nilitaka kutapika, na si kwa namna ya kusema. Nilikwenda nje nikainama kwenye mfereji wa karakana. Nilikuwa naona vile vidole vitano. Siku zote zile alikuwa ameketi kwenye kiti pekee cha nyumba ile, chini ya picha ya kijana aliyemwacha chini ya mti, akilamba mawese ya mama yake, na lililomzuia kusema halikuwa haya ya mtu yeyote. Bango lilikuwa limeshachapishwa, linapendeza. Mama akilia mbele yake, nani angesimama tena pale na koti lake la kuazima?

Tulikwenda mimi na Mama mchana ule ule, yeye na kijani chake cha kuazima. Miti ya bustani ilikuwa imebaki na majani machache. Wale wanaume walikuwapo, na mmoja wao, mzee mwenye kofia ya sufu, alitujibu kwa Kizulu kilichochanganywa na Kiingereza, taratibu, akinitazama mimi ili nimtafsirie mama. Yule Mkongo alikuwa akikohoa sana. Siku baridi ilipoanza hakuamka vizuri, wakasimamisha watu barabarani mpaka ikaja gari la wagonjwa. Mzee alisema jambo jingine, na hilo sikulitafsiri: kwamba kuna bwana mmoja mwenye kamera alizungumza naye lugha yao, na baada ya hapo kijana alikaa macho siku kadhaa akitazama njia, akisema mama yake ataletwa. Hospitali tulifika jioni. Alikuwa amefariki Jumatano. Walitukabidhi kile kitenge kwenye mfuko wa plastiki, umefungwa fundo.

Mama alikifua kwenye sinki, hatua mbili kutoka kwenye godoro langu. Alikifua, akakisuuza, akakinusa, akakirudisha kwenye maji. Moshi uligoma kutoka. Wale dada wa Kirundi walifungua mapazia yote siku zile, nyumba ikawa chumba kimoja, na hakuna aliyenong'ona. Kwenye maziko Mama alikivaa, bado kina unyevu. Trésor alikuja na kamera. Ndiyo, alikuja. Alipiga maua juu ya jeneza, ua moja wazi na waombolezaji wote nyuma yake wameyeyuka, na nilisikia mtu akimsifu. Nikaacha kazi pale pale makaburini, kwa kumrudishia funguo za studio mkononi.

Kabla sijahama, Mama aliniomba nimtolee ile picha ya majaribio, kubwa, aitundike badala ya ile ya pasipoti. Nilimwambia nitamkata Trésor, abaki mwanaye peke yake. Alikuwa anachambua mchele. "Apana," alisema. "Umuache. Angalia mukono yake. Ni yeye mutu wa mwisho wa kwetu mwenye alimugusa mutoto. Alimufunika." Nilisimama pale jikoni na maneno mawili mdomoni, *rangi imekaa*, na nikayameza kama yalivyo, machungu. Nikamchapishia. Na muda si mrefu baadaye, nikiwa nimekuja kuchukua mabegi yangu, nilikuta Trésor ameketi kwenye kile kiti, chini ya picha ile ile, sahani mbele yake, na Mama anamwongezea ndakala. Wengine wataita hiyo huruma. Huenda ndiyo. Mimi niliteremka ngazi kwa haraka, na tangu siku hiyo sombe haipiti kooni mwangu, hata ikipikwa na mama yangu mzazi.

Basi jana nilipekua picha zangu zote za zamani. Ninazo za Trésor nyingi, lakini yeye mwenyewe alizipenda za lenzi iliyofunguliwa, na nyingine amegeuka, nyingine amefumba macho. Iliyo wazi kweli ni moja. Amechuchumaa kwenye majani ya machungwa, uso umeelekea kamera, mkono umeshika kitenge cha zambarau begani mwa mtu, na asiyejua lolote angeapa kwamba ni mtu mwema. Niliituma nzima. Katibu alijibu haraka. "Dada, Mungu akubariki. Uso inaonekana muzuri, roho yake yote iko hapo. Lakini huyu muchafu wa pembeni anaharibu. Utusaidie, umutie flou."

Nilikaa na simu mkononi mpaka mteja aliyekuwa akisubiri akaamua kuondoka. Kisha nikamwandikia kwamba huyo mchafu anaitwa Aksanti. Nikamwambia aibebe simu, aingie nayo jikoni, amwonyeshe anayewapikia, na kwamba mama huyo akinitaka nimfute mwanaye, nitamfuta. Ujumbe umesomwa. Mpaka leo picha sijaigusa.